Ukiulizwa "Unapewa Ngapi?"

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Nimemaliza chuo na kwa sasa namsaidia mama dukani. Mwaka 2022 sikupiga kura kwa sababu nilikuwa nimejiandikisha Eldoret nikiwa chuoni, na siku ya uchaguzi ilinikuta nyumbani. Safari hii mimi na wenzangu wanne tumekubaliana kujitolea kuwahimiza watu wa kijiji chetu wajitokeze kupiga kura ya urais, bila kumpigia debe mgombea yeyote. Lakini kila ninayemgusia jambo hili ananiuliza, "Unapewa ngapi?" Mjomba wangu ni mpambe wa mheshimiwa mmoja na anasema niache upuzi, nijiunge na kikosi chao nilipwe, kwani kazi ni ile ile. Naye mama, tangu asikie yaliyotokea Malava kwenye uchaguzi mdogo, hataki nijihusishe kabisa. Je, niendelee? Na kama ni kuendelea, tuanzie wapi?

Mwenye Nia, Shinyalu

Endelea, mwanangu. Ila kabla hamjaanza kuulizia bei ya fulana na kipaza sauti, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi (IEBC) ya eneobunge lako ukahamishe usajili wako kutoka Eldoret. Sheria inataka ombi la kuhama lifike angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Huwezi kumwamsha jirani aende kituoni ilhali wewe mwenyewe unahitaji nauli ya kwenda Uasin Gishu. Watakuuliza, na watu wa Shinyalu wakianza kuuliza hawachoki.

Sasa hilo la "unapewa ngapi" lisikuudhi. Wanaouliza wana sababu. Kwetu Magharibi mtu akipita boma hadi boma akitaja uchaguzi, aghalabu nyuma yake kuna bahasha. Watu wameona vijana wakibebwa kwa malori hadi uwanja wa Bukhungu kumshangilia mtu wasiyemjua. Wameona akina mama wakigawiwa leso na unga, na matanga yakigeuzwa mkutano wa kisiasa hata marehemu akasahauliwa. Katika hali hiyo anayefanya kazi ya uchaguzi bure anatiliwa shaka kuliko anayelipwa, maana wa kulipwa angalau anajulikana ametumwa na nani. Jibu lako liwe fupi: "Sipewi kitu, na sikwambii umchague nani." Kisha mwache. Atakuchunguza kimyakimya, aone kama umebadilisha simu, aone ni gari la nani linakushusha jioni. Miezi ikipita naye bado anakukuta dukani ukipima sukari, ataanza kukuamini. Ndiyo maana kazi hii haianzwi wiki mbili kabla ya kura.

Kuhusu mjomba, nitasema wazi: anakosea anaposema kazi ni ile ile. Kumfanyia mgombea kampeni si dhambi, na kulipwa kwa kazi halali si aibu. Lakini anayesaka kura za mtu wake huenda kwa wanaompenda mtu wake, na wale wengine huwaombea usingizi mzito. Wewe unasema utamwendea kila mtu, hata yule unayejua fika kwamba atampa kura mtu usiyemtaka. Je, asubuhi ya kura utambishia hodi? Jiulize ukiwa peke yako, ujijibu bila kujidanganya. Ukiona huwezi, nenda kwa mjomba, uvae rangi za chama hadharani, na hakuna atakayekulaumu. Kisichofaa ni kuwa kikosini mwa mheshimiwa mchana na kuwa mtu wa watu wote jioni. Kijiji kitagundua kabla wiki haijaisha, na wenzako wanne nao wataharibikiwa jina.

Kuna kisa ambacho ningependa mkijadili ninyi watano kabla ya kutoka. Kwenye uchaguzi wa 4 Machi 2013, watafiti Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri walishirikiana na IEBC kuwatumia wapiga kura wengi ujumbe wa simu wa kuwahimiza wajitokeze. Ujumbe ulifanya kazi, waliojitokeza wakaongezeka. Lakini baada ya uchaguzi, waliopokea ujumbe walikuwa na imani ndogo zaidi kwa tume kuliko wasioupokea, hasa waliokuwa upande ulioshindwa na waliokaa sehemu zilizokumbwa na vurugu. Watafiti wanadhani kiini chake ni kwamba tume ilikuwa imeahidi mitambo ya kielektroniki, na siku ilipofika mitambo ikafeli, makarani wakarudi kwenye madaftari ya karatasi na matokeo yakachelewa. Walioitwa kwa nguvu zaidi ndio waliovunjika moyo zaidi.

Ukiniuliza, kosa halikuwa kuwaita watu. Kosa lilikuwa kuwaahidi kitu. Kwa hiyo usimwambie mtu "kura yako italindwa", wala "mwaka huu hakuna wizi", wala "tukijitokeza wote lami italetwa". Tume huiendeshi wewe na bajeti ya barabara huishiki. Unachoweza kuahidi ni kidogo na chote kiko mikononi mwako: kwamba utamwambia kituo chake ni kipi, kinafunguliwa saa ngapi, abebe nini, na ni nani atakayebaki na watoto wake saa hiyo.

Tena wewe unaenda kuzungumza na watu wa Kakamega, ambao wana kisa chao. Tarehe 8 Agosti 2022, kesho yake ikiwa siku ya kura, IEBC iliahirisha uchaguzi wa gavana hapa na Mombasa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea. Tukaambiwa ni tarehe 23, halafu ikasogezwa hadi 29. Fernandes Barasa akamshinda Cleophas Malala, lakini waliorudi kwenye foleni siku hiyo walikuwa wachache kuliko wa tarehe 9. Mtu aliyeamka alfajiri mara ya kwanza akaambiwa karatasi moja haipo, kumwamsha mara ya pili ni kazi. Akikuambia, "Nilienda, ikawa nini?", usikimbilie kumhubiria haki za raia. Msikilize amalize. Mara nyingi akishamaliza kulalamika ndipo anauliza kituo kimehamia wapi.

Wengine watakuambia Kakamega inajulikana inakoelekea, kwa hiyo kura moja haina kazi. Kwa kura ya urais hoja hiyo haisimami. Katika karibu majimbo yote ya Marekani, mgombea akishashinda jimbo, kura za ziada alizopata humo hazimsaidii popote kwingine. Kwetu kura zote za urais huhesabiwa pamoja nchi nzima, ya Khwisero ikiwa na uzito sawa na ya Kiambu. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawa mwenyewe: ni kama kura tano kwa kila kituo. Na kati ya watu milioni 22.1 waliokuwa wamejiandikisha, zaidi ya milioni 7.7 hawakutokea, wengi kuliko waliompigia mshindi. Hesabu hiyo ifanye kwa kijiti juu ya mchanga hapo stejini pa bodaboda, usiongeze maneno.

Nikija kwenye kazi yenyewe, punguzeni ukubwa wa ndoto. Msiseme "tutaamsha Shinyalu". Mwaka 2022 kituo kimoja kilipangiwa wapiga kura wasiozidi 700. Chukueni kituo kimoja tu, kila mmoja wenu aandike watu kama thelathini anaowajua kwa majina, ambao akibisha mlango wao hawaulizi "wewe ni nani?" Huko New Haven, Marekani, mwaka 1998, Alan Gerber na Donald Green walilinganisha njia za kuwahimiza wapiga kura, wakaona kumtembelea mtu nyumbani kunamfanya ajitokeze zaidi kuliko kumpigia simu. Nadhani nyanya yako angewaambia hivyo bila utafiti.

Katika daftari andika jina, kama amejiandikisha, kituo chake, na kinachomzuia. Namba ya kitambulisho usiiandike kamwe, na usikubali kumshikia mtu kitambulisho hata akikusihi. Vitambulisho vimewahi kununuliwa na kufichwa katika nchi hii ili wenyewe wasipige kura, na mtu akikuona na rundo la kadi za watu hutaweza kujieleza. Tukiwa hapo hapo, ndani ya droo ya mama dukani kuna vitambulisho vingapi vilivyowekwa dhamana ya deni la unga na sabuni? Mwombe avirudishe mapema, deni liandikwe kwingine. Mpiga kura anatakiwa kufika na hati ile ile aliyojiandikishia, na huenda mkapata wapiga kura kadhaa kwa kufungua droo tu.

Wasiojiandikisha ndio wa kuanza nao, kwa kuwa usajili hufungwa kabla ya uchaguzi na baada ya hapo hakuna maombi yatakayosaidia. Wenye umri wenu wengi wamo humo. Waliandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, lakini ukiuliza ni wangapi wana jina kwenye sajili utashangaa. Usiwasute. Pangeni siku, mwende pamoja ofisini, mrudi pamoja.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Lakini ninyi mnajua mvua ya Kakamega mwezi Agosti inavyopenda alasiri. Watoeni watu asubuhi. Watu wa bodaboda wapige kura wa kwanza kabisa, kabla abiria hawajawatawanya. Kwa mzee asiyeona au asiyejua kusoma, sheria inamruhusu kuchagua mtu mzima wa kumsaidia, lakini msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja tu. Kwa hiyo usipange kuwaingiza nyanya sita wewe mwenyewe. Kila nyanya atafutiwe mjukuu wake, na ajue mapema.

Usimuulize mtu yeyote amempigia nani, hata kwa utani. Wazee wa hapo wanaukumbuka mlolongo wa 1988, walipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe kila jirani akiona. Hofu ile haijatoka yote. Na msipokee hela ya mafuta kutoka kwa mgombea, wala soda, wala "chai ya vijana". Hongo ya wapiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na hata kabla ya polisi kuwafikia, kijiji kitakuwa kimeshawahukumu. Mkitaka kuandaa mafunzo ya hadhara, pitieni kwanza ofisi ya IEBC mjue utaratibu. Kuzungumza na majirani kwenye chama cha akina mama au baada ya kwaya hakuhitaji hayo yote.

Limebaki la mama, na hilo sitaki ulichukulie kama woga wa wazazi. Malava iko kaunti yako. Uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025 ulikuwa na vurugu, na David Ndakwa wa chama cha UDA alimshinda Seth Panyako wa chama cha DAP-K kwa kura 21,564 dhidi ya 20,210. Mchuano ukiwa mkali namna hiyo, wahuni hukodiwa. Kwa hiyo tembeeni wawili wawili, mchana tu. Chifu na liguru, yaani mzee wa kijiji, wajue mnachofanya kabla hawajakisikia kwa wengine. Mikutano ya kampeni msiifikie hata kama ni ya mtu mnayempenda, na rangi za vyama mziache nyumbani. Mtu akikutisha, boma hilo liache, usirudi kubishana. Ukishapiga kura na watu wako wameshapiga, ondoka kituoni. Kulinda hesabu ni kazi ya mawakala walioapishwa. Kesho yake mchana unaweza kwenda kuisoma Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ikiwa imebandikwa mlangoni, ulinganishe na itakayowekwa na tume mtandaoni.

Mwonyeshe mama mpango huo wote ukiwa umeandikwa, ajue mko wapi na saa ngapi. Akikataa hata hivyo, mwachie wenzako njia za vijijini, wewe ubaki nyuma ya kaunta. Kila anayekuja kununua chumvi ana kituo chake cha kura, na wengi hawakumbuki ni kipi.