Kabla ya Kufungua Shauri la Madai: Kupima Gharama na Thamani Yake

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, ilifungua shauri katika Mahakama Kuu mjini Arusha dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililokuwa likiendesha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Madai yao yalikuwa kwamba shirika hilo limeingia katika ardhi yao bila haki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi na fidia. Shirika likakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Uamuzi wake umo katika taarifa za maamuzi ya mahakama za Tanzania za mwaka 1985, na wanasheria huurejea hadi leo.

Sababu za kushindwa zinastahili kusomwa kwa makini na kila mwananchi wa Hanang anayefikiria kwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani haikusema kwamba watu hao hawakuishi hapo. Ilisema kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa ilikuwa imegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Mipaka ya kiutawala ya kijiji peke yake haikutosha kuwa umiliki. Kuhusu wanakijiji, ilisema kwamba hawakuthibitisha mahakamani kuwa ni wenyeji kwa maana iliyokuwa katika sheria ya ardhi ya wakati huo. Jambo ambalo kila jirani alilijua halikuwa limewekwa mbele ya hakimu kama ushahidi.

Ndiyo maana thamani ya shauri haipimwi kwa kiasi kinachoandikwa kwenye hati ya madai. Hupimwa kwa kile kinachoweza kuthibitishwa, kisha kwa kile kinachoweza kukusanywa, baada ya kutoa gharama za safari nzima.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mkulima wa Endasak amemuuzia mfanyabiashara magunia 40 ya mahindi kwa shilingi 70,000 kila gunia, jumla shilingi 2,800,000. Amelipwa 800,000, na deni lililobaki ni 2,000,000. Anayo karatasi iliyotiwa saini na shahidi mmoja aliyekuwepo wakati wa kupakia. Akijipima kwa haki, pengine atasema nafasi yake ya kushinda ni 7 katika 10. Kwa hiyo deni la 2,000,000 lina thamani ya 1,400,000 kabla hata ya kesi kuanza. Lakini mdaiwa ana mali gani? Ikiwa nafasi ya kuipata fedha baada ya hukumu ni 6 katika 10, thamani hushuka hadi 840,000. Sasa ziondolewe gharama: safari 6 za watu wawili kwa nauli ya 10,000 kila mmoja, yaani 120,000, chakula na siku za kazi zilizopotea, 180,000, ada na nakala za nyaraka, 60,000. Kinachobaki ni 480,000. Akiweka wakili kwa 500,000, hesabu yote inakuwa hasara ya 20,000.

Takwimu hizo ni za mfano tu, na kila mtu ataweka zake. Hata hivyo zinaonesha kwa nini mdaiwa anayejitolea kulipa 1,200,000 kwa awamu tatu, mbele ya mashahidi, hapaswi kufukuzwa kwa hasira. Ni kweli kwamba kwa kawaida anayeshindwa huamriwa kulipa gharama za aliyeshinda. Lakini kanuni hiyo hukata pande zote mbili: mdai akishindwa, yeye ndiye atakayelipa, na gharama zinazokubaliwa na mahakama mara nyingi hazifikii fedha zilizotumika kweli.

Suala la kukaza hukumu ndilo linalosahaulika zaidi. Hukumu si fedha. Mshindi hulazimika kuomba mahakama iikaze, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inazuia baadhi ya mali kukamatwa: nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, zana za kazi za fundi, na kwa mkulima, majembe, mbegu na mifugo ambayo mahakama itaona anaihitaji ili aweze kuishi. Mdaiwa asiye na kitu kingine zaidi ya hivyo anaweza kushindwa kesi na bado asilipe. Ni busara kuuliza mapema ana shamba la biashara, gari, pikipiki, mshahara au duka.

Muda nao una bei. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6, madai ya madhara kama uharibifu wa mali yana miaka 3, na madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Mwenye kusubiri mdaiwa "ajirekebishe" huku miaka ikipita anaweza kujikuta na haki isiyo na mlango. Anayetaka kuishtaki Serikali, ikiwemo halmashauri ya wilaya au ya kijiji, hutakiwa kwanza kutoa taarifa ya siku 90 na kumpa nakala Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri husikilizwa Mahakama Kuu. Kwa mkazi wa Katesh, hiyo ni safari ya Babati. Haki hiyo ipo na haipaswi kuogopwa, ila gharama yake ijulikane.

Kwa migogoro ya ardhi, njia huanzia karibu na nyumbani. Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, nalo hubaki na kazi ya usuluhishi tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo hati ya haki miliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, huonesha thamani yake. Wenzetu wa Mulbadaw hawakuwa na karatasi ya namna hiyo. Waliopoteza nyaraka katika maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 waombe nakala sasa, wakati hakuna ugomvi, kuliko siku ya kuitwa barazani.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye huduma yake ni bure. Aende na karatasi zote, majina ya mashahidi na tarehe. Na pande zikikubaliana shauri likiwa tayari mahakamani, makubaliano yaandikwe na kuwasilishwa kwa hakimu ili yawe amri ya mahakama. Mdaiwa akikiuka awamu moja, mdai huomba kukaza amri hiyo bila kuanza kesi upya.