Jiko la mkaa chumbani

*Daktari, tangu Juni simu inaniletea tahadhari za baridi kila kukicha. Usiku nafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani, mwanangu wa miezi mitano asipigwe na baridi. Nimechoka kuogopa.*
*Mama, Nkuhungu, Dodoma*

Mama, hofu yako naielewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe anga halina mawingu, hivyo joto la mchana hupotea usiku. Nyuzi 13 alfajiri ya Julai ni kawaida. Hazimdhuru mtoto aliyevikwa vizuri. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome mara moja kwa siku, yatosha.

Ninaloliogopa mimi ni jiko. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Litoe leo hii, tafadhali.

Mvike soksi na nguo mbili tatu nyepesi, alale chali, blanketi lisifike usoni. Mguse kifua: kikiwa na joto, hasikii baridi. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea, au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.