Jahazi Moja: Darasa juu ya Mikoko, Mali na Amana



Katika darasa lililopita ndugu mmoja alituuliza suala ambalo hatukuwahi kulijibu, kwani adhana ya Isha ilitukuta. Alisema: "Haya mambo ya hali ya hewa kugeuka, na bahari kupanda, na mvua kuja si kwa wakati wake, ni kazi ya serikali na mataifa makubwa. Sisi watu wa mitaani, wenye vijiduka vyetu, yatuhusu nini?" Niliahidi kumjibu kwa kalamu. Na kwa kuwa nayakinisha kuwa si yeye peke yake mwenye fikira hiyo, jawabu hii ni yetu sote, nami ni wa kwanza ndani yake.

MFANO WA JAHAZI

Imamu Bukhari amepokea kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano aliotupigia Mtume wetu (S.A.W.), na maana yake ni hii. Watu walipanda chombo kimoja, wakapiga kura, wengine wakapata nafasi ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini kila walipotaka maji iliwalazimu kuwapitia wa juu. Wakashauriana watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwaudhi wenzao. Basi lau wa juu watawaacha wafanye watakalo, wataangamia wote. Na lau watawashika mikono, wataokoka wote.

Tuutazame vizuri mfano huu. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji, na maji ni haja ya kila kiumbe. Tena walitaka wasiwataabishe jirani zao, na hilo ni jema. Na tundu lenyewe wangelitoboa katika sehemu yao, si ya mtu mwingine. Pamoja na hayo yote, khatima yake ni kuzama. Basi nia njema haizuii maji kuingia, wala neno "hapa ni pangu" halizibi tundu. Nasi wana wa watu wa majahazi ndio tupasao kuufahamu mfano huu kabla ya wengine.

MKOKO NI MTI GANI?

Wengi wetu wa mjini twaujua mkoko ukiwa juu ya vichwa vyetu. Nyumba za kale za Mambasa na Lamu zimeezekwa dari kwa boriti, na upana wa vyumba vyake umefuata urefu wa boriti hizo. Wazee wetu walizipakia kwa majahazi hata Bara Arabu na Ghuba, zikajenga nyumba za watu wa huko ambako miti ni adimu. Biashara hiyo ya kupeleka nje ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1982. Lakini mti wenyewe, ukisimama katika tope lake, ni wachache katika vijana wetu waujuao; hawatambui mkoko na mkandaa, wala mchu na mlilana, wala msindi na mkomafi.

Kenya ina kiasi cha hekta 61,000 za misitu hii, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Mti huu Mwenyezi Mungu ameuumba kwa namna ya ajabu. Mbegu ya mkoko huota ingali imening'inia juu ya mama yake, ikarefuka mfano wa mkuki, kisha huanguka ikajichoma topeni. Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi na kulizuia tope lisiende. Baina ya mizizi hiyo kaa na kamba na watoto wa samaki hupata maficho na chakula. Basi anayekata mkoko leo huenda anakata kitoweo chake cha kesho.

Tena iko faida nyingine ambayo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuihesabu. Kila mti huvuta hewa ya ukaa, nayo ndiyo hewa itokayo katika moshi wa viwanda na magari, ambayo kwa kuzidi kwake imeifanya dunia iwe na joto. Miti mingi ya bara ikifa huoza, na hewa ile ikarudi ilikotoka. Ama mkoko, majani na mizizi yake hufukiwa katika tope lisilo na hewa, ambamo kuoza ni kwa polepole mno, na ukaa wake ukabaki humo karne kwa karne. Hazina kubwa ya mkoko iko chini ya mti, haionekani kwa macho. Ukikatwa mti na tope likaachwa wazi, hazina ile nayo huanza kutoka.

TUNDU TULIZOTOBOA

Kule Gazi, katika Kaunti ya Kwale, miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi ili kuchomea matanuri ya chokaa na matofali. Na chokaa na matofali hayo hununuliwa na nani? Na sisi wajenzi. Sehemu nyingine za ghuba zikabaki tope tupu, na miti haikurudi yenyewe.

Kisha ikaja mvua kubwa ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Maji yaliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya mikoko katika hori ya Mwache, hapa karibu na Mambasa, na miti mingi ikafa imesimama. Mwaka huo huo wa 1998 bahari ilipata joto la kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa yake katika pwani yetu ikafa. Hapa utaona, ndugu msomaji, jinsi mfano wa jahazi ulivyotimia. Mlima ukivuliwa miti yake huko juu, anayefukiwa ni mkoko wa huku chini. Na moshi wa nchi za mbali hutufikia ukiwa ni joto la bahari. Na Mwenyezi Mungu ametwambia katika Sura ya Ruum, aya ya 41, kuwa uharibifu wa barani na baharini ni matunda ya mikono ya watu, ili waonje baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Basi mwenye kusema, "Hii ni kadari, hatuna la kufanya," ameishika nusu ya maneno na kuiacha nusu. Kurejea ndilo tulilotakiwa.

WALIOZIBA TUNDU

Watu wa Gazi na Makongeni hawakungoja mataifa makubwa. Kuanzia mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya walianza kupanda mikoko upya katika ghuba ile, na wanakijiji wakawa nao. Mwaka 2013 vijiji hivyo vikaanzisha mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, unaohesabiwa kuwa wa kwanza ulimwenguni wa aina yake. Walishika hekta 117, yaani kama ekari 290, kwa mapatano na idara ya misitu. Wao huilinda miti iliyopo na kupanda mingine. Wapimaji hukadiria hewa iliyozuiliwa, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Na watu na makampuni ya nje, wanaotaka kufidia moshi wao, hulipa kwa hesabu hiyo.

Katika miaka ya mwanzo pato lilikuwa kama Dola 12,000 kwa mwaka. Si mali ya kumtajirisha mtu, na kama wangaligawana mkononi isingalitosha hata kilemba kwa kila mmoja. Lakini hawakugawana. Baada ya gharama za ulinzi na upandaji, waliyaleta barazani, wakashauriana, wakayatia katika maji safi ya kunywa na katika shule za watoto wao. Na kwa kuwa walijua kuwa mwenye haja ya kuni hazuiwi kwa maneno matupu, walipanda mivinje ili watu wapate kuni na fito mahali pengine. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Na jirani zao wa kusini, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, wakaifuata njia hiyo kwa mradi wao wenyewe.

Mimi nilipoyatazama haya niliona jambo tulijualo tangu zamani likija kwa jina geni. Je, si hivi ndivyo ulivyo wakfu? Tangu Sayyidna Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar, sheria yake ni kuwa asili husimama haiguswi, na tunda lake ndilo litumikalo kwa manufaa ya watu. Sisitaji kwamba msitu ule ni wakfu kisheria. Nasema kuwa wanakijiji wale wameuendesha kwa uaminifu ambao nyumba nyingi za wakfu katika miji yetu zimeukosa.

JE, SI KUUZA HEWA?

Kijana mmoja mwanafunzi alinambia: "Shekhe, hii ni biashara ya hewa, nayo haishikiki wala haikabidhiwi." Suala lake ni zuri. Nionavyo mimi, kinacholipwa si hewa, bali ni kazi ya ulinzi na upandaji, na malipo yake hupatikana kazi ikitimia. Jambo hili lafanana na juala, ambayo wanazuoni wetu wa Kishafii wameijuzisha: mtu kusema, atakayenirudishia ngamia wangu aliyepotea nitampa kadha. Na asili yake wameitaja katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale aliyeahidiwa shehena ya ngamia kwa kukileta kikombe kilichopotea. Mwenye elimu zaidi na anisahihishe, nitamshukuru.

Lakini mlipaji naye asidanganyike. Anayemwaga maji machafu mlangoni kwa jirani yake, kisha akatoa sadaka msikitini, sadaka ni yake na dhara ni yake vile vile. Haifai mtu kununua tani za Gazi ili apate ruhusa ya kuzidisha moshi. Na apunguze kwanza, kisha afidie kilichobaki.

SISI WA MJINI

Sasa narudi kwa ndugu yangu aliyeuliza, nami naanza kwa kujikosoa mwenyewe. Ramadhani moja tuliwafuturisha watu msikitini kwetu, na mimi nilikuwa katika kamati. Tulinunua maji ya chupa na vikombe vya plastiki vya kutupwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuosha bilauri. Masika ilipokuja, maji yaliingia msikitini hata safu ya kwanza ikalowa. Tukaambizana, "Mvua ya mwaka huu ni kali." Asubuhi yake vijana walipoufungua mtaro, walizitoa chupa zetu wenyewe, debe kwa debe. Mvua haikuwa na kosa. Tulitoboa tundu sisi, tena kwa jina la thawabu.

Basi haya ndiyo tuliyo nayo mikononi mwetu, kila mtu na mlango wake:

1. Mwenye kujenga na aulize boriti na fito zake zimetoka wapi, na kama zimekatwa kwa idhini. Na aliye na mvinje au mti mwingine wa kupandwa wa kumtosha, auache mkoko.

2. Mwenye tanuri la mikate, au la chokaa, au mkahawa, aulize kuni na makaa yake yamekatwa wapi. Bei nafuu ya kitu kilichoibwa msituni si baraka.

3. Mwenye duka asisahau kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na bado twaiona ikitolewa chini ya meza. Kikapu cha ukindu walitubebea mama zetu bila ya aibu.

4. Wenye misikiti na madrasa watengeneze mifereji inayovuja, warudishe bilauri za kuoshwa, na wawapeleke watoto ufukweni wakapande, wapate kulijua tope kabla ya kulisoma kitabuni.

Na atakayesema kuwa haya ni madogo mbele ya jambo kubwa, nitamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) ametuamuru kuwa lau Kiama kitasimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza na aupande. Hakutwambia tutazame kwanza kama utazaa.

Jahazi letu ni moja, na maji hayaulizi ni nani aliyetoboa. Darasa ijayo, inshaallah, kila mmoja aje na tundu moja aliloliziba nyumbani kwake au dukani kwake, atueleze namna alivyoliziba. Ndugu yetu mwenye suala ndiye tutakayeanza naye, baada yangu.

Wabillahi ttawfiq.