Pesa za Ndugu Aliye Gerezani



Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Mwezi huu tuzungumze juu ya siri moja inayokaa katika nyumba nyingi: ndugu amefungwa, na mmoja wenu anamtumia pesa bila mwenzake kujua.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaoishi karibu na soko la Suneka. Bibi anauza ndizi, bwana ni fundi wa ujenzi. Mdogo wa bwana alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tangu siku ile bwana alianza kutuma shilingi 2,000 kila mwezi kwa simu, naye hakusema neno nyumbani. Siku moja mtoto alirudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Jioni hiyo bibi akauona ujumbe katika simu ya mumewe.

"Baba watoto, mwanao anafukuzwa shule, nawe unamlisha mwizi?"

"Huyo unayemwita mwizi tumenyonya ziwa moja!"

Wakalala bila kusemezana. Je, nani alikosea? Bwana alikuwa na haki ya kumkumbuka nduguye, na bibi alikuwa na haki ya kuulizia karo. Kosa lilikuwa siri. Katika Mathayo sura ya 25 Bwana wetu anajihesabu pamoja na walio gerezani. Kwa hiyo kuwasaidia si aibu ya kufichwa. Lakini siku mliyofunga ndoa mliunganisha pia mfuko. Sadaka inayotolewa kwa kumdanganya mwenzako huingia nyumbani kama mchwa.

Ili mzungumze vizuri, yafaa mjue mambo haya.

Kwanza, kazi ya pesa gerezani. Serikali ndiyo inayowapa wafungwa chakula, mavazi na matibabu. Mfungwa haruhusiwi kukaa na pesa mkononi. Zinazoletwa huandikwa kwa jina lake ofisini, naye hununua vitu vidogo kama sabuni na dawa ya meno. Kwa mwanamke aliyefungwa, sodo ni haja kubwa. Basi kiasi kidogo kinachofika kila mwezi chamfaa kuliko kikubwa kinachokuja mara moja na kukatika.

Pili, njia ya kupeleka. Zamani tulitumia hawala ya posta. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa huondoka kwa kubonyeza kidole. Urahisi huo umewafurahisha pia matapeli. Mtu hupiga simu usiku na kusema, "Mimi ni askari jela, ndugu yako ni mgonjwa, tuma pesa upesi." Msitume. Mfungwa haruhusiwi kukaa na simu ya mkononi, na namba ya mtu binafsi si ofisi. Nendeni langoni, mwulize utaratibu, mpewe risiti. Ulizeni pia vitu vinavyoruhusiwa, kwa maana taratibu za mahabusu anayengojea hukumu si sawa na za aliyekwisha hukumiwa.

Tatu, chunguzeni kama amefungwa kwa kukosa faini. Hapa wengi hupoteza. Aliyefungwa kwa kushindwa kulipa faini huachiliwa faini ikilipwa yote, na ikilipwa sehemu, siku zake hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Familia yaweza kutuma sabuni miezi sita, kumbe pesa hizo, pamoja na mchango wa ndugu wengine, zingalimrudisha nyumbani mapema. Mwulizeni karani wa mahakama, mlipe kwa utaratibu wa mahakama, mchukue risiti. Anayetaka kulipwa kando ya njia anataka hongo.

Nne, msiuze shamba kwa hasira wala kwa huruma. Huku kwetu Gusii mashamba ni vipande vidogo, na kipande kikienda hakirudi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Hata pasingekuwa na sheria, mume mwenye busara asingethubutu.

Tano, hesabuni siku za kurudi. Kwa kawaida mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja aweza kupunguziwa theluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema, ingawa si kwa makosa yote. Miaka mitatu yaweza kuwa miwili. Mtu huyu atarudi, naye atakula mezani penu. Kwa hiyo msimwite mwizi mbele ya watoto. Kwao atabaki kuwa baba mdogo.

Turudi Suneka. Jumapili iliyofuata wale wawili walikaa na daftari. Waliandika kwanza karo, kisha chakula, kisha dawa za nyanya. Kilichobaki kiliwaruhusu kutuma shilingi 500 kwa mwezi, na nauli ya kumtembelea kila baada ya miezi miwili. Safari ya kwanza walikwenda pamoja. Hapo ndipo bwana alipojua kwamba zile 2,000 alizokuwa akimtumia "rafiki wa askari" hazikufika hata mara moja. Nduguye hakuuliza habari za pesa. Aliuliza, "Mbona hamkuja?" Kisha akamgeukia bibi: "Shemeji, mguu wa mama umepona?" Bibi, aliyekuwa amemwita mwizi, alilia njia yote katika matatu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekumbusha tarehe.

Zungumzeni nyumbani:

1. Je, kuna ndugu ninayemsaidia bila mwenzangu kujua? Ninaogopa nini?

2. Baada ya karo na chakula, tunaweza kutoa kiasi gani kila mwezi bila manung'uniko?

3. Mara ya mwisho tulimtembelea lini? Akitoka, atalala wapi, na atafanya kazi gani?

Leo jioni, watoto wakisha kulala, toeni daftari. Anayejua siri na aanze kusema, na mwenzake asikilize hadi mwisho kabla ya kujibu.