Mikrobe ya Kifua Kikuu Inanaswaje Hewani?



Ukikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, unatoa matone madogo sana. Makubwa yanaanguka chini; madogo yanakauka na kuelea hewani saa nyingi. Ikiwa una kifua kikuu cha mapafu, mikrobe zimo humo. Mwenzako akivuta hewa ile anaweza kuambukizwa, hata kama hamkushikana mikono wala kula sahani moja.

TUMEJUAJE?

Robert Koch, mganga wa Ujerumani, aliitangaza mikrobe hii mwaka 1882. Lakini ubishi juu ya njia yake uliendelea. Kuanzia miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, wataalamu Richard Riley na William Wells walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa hadi chumba cha simbilisi. Wanyama wale hawakukutana na mgonjwa hata mmoja, walivuta hewa tu. Baadhi yao waliambukizwa.

MTEGO WA HEWA

Kuinasa mikrobe hewani ni kazi ngumu. Zinakuwa chache ndani ya hewa nyingi, na urefu wa moja ni karibu sehemu 3 kati ya sehemu 1000 za milimeta. Mwaka 2013 na 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, China, walieleza mtego mdogo wenye mifereji myembamba. Pampu inavuta hewa ipite ndani. Mifereji imechongwa mistari iliyopangwa kama mifupa ya samaki. Hewa ikienda moja kwa moja, mikrobe nyingi zingetoka nayo. Mistari ile inaizungusha hewa, mikrobe zinagonga ukuta na kunata. Baadaye zinakusanywa na kuchunguzwa.

Mtego huo ni wa utafiti. Ndugu yake aliye hospitalini ni mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Makohozi yanatiwa ndani ya kasha dogo lenye vyumba na njia nyembamba. Kwa muda usiofika saa 2 mashine inasema kama mikrobe ipo, na kama dawa ya rifampisini inaiweza. Lakini mashine haitakufuata nyumbani. Inangoja makohozi yako.

WEWE UFANYE NINI?

Vumbi la mawe linaumiza mapafu, na mapafu yenye silikosi yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo, uwe Piana-Mwanga au kwenye mashimo ya madini:

1. Lowesha mwamba kwa maji unapotoboa.
2. Fungua madirisha ya chumba cha kulala. Hewa mpya inapunguza mikrobe, na jua linaziua.
3. Funika mdomo unapokohoa.
4. Ukikohoa wiki 2, ukikonda, ukitoka jasho usiku au ukitema damu, njoo dispansere. Damu usiingojee.
5. Ukipewa dawa, zimalize. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Ukiacha kwa sababu umepata nafuu, mikrobe inaweza kuzizoea dawa.

Usifiche kikohozi kwa kuogopa kupoteza siku chache za kazi. Ukikificha, utawapelekea wenzako wa ekipi na watoto wako nyumbani.

JIJARIBU

Kwa nini mifereji ya mtego ina mistari? Je, dirisha lako lilikuwa wazi usiku wa jana?