Mti Usio na Kitanzi: Jinsi Swichi za Mtandao Zinavyopatana Njia

Mtandao wa kompyuta unaotegemea waya mmoja ni kama kijiji kinachotegemea daraja moja: daraja likivunjika, mawasiliano yamekatika. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hutandika njia ya akiba. Lakini njia hiyo ya akiba, ikiachwa bila utaratibu, huweza kuuangusha mtandao mzima kwa muda mfupi, ingawa hakuna waya hata mmoja uliokatika. Katika somo hili tutaeleza kwa nini jambo hili hutokea, kanuni iliyobuniwa kulizuia, na namna ya kuipanga kanuni hiyo katika swichi.

1. Hatari ya kitanzi

Swichi ni chombo chenye matundu mengi ya kuchomekea waya. Habari zitokazo katika kompyuta hukatwa vipande vidogo, ambavyo hapa tutaviita vifurushi. Kila kifurushi huwa na anwani ya mpelekaji na ya mpelekewa. Swichi husoma anwani ya mpelekaji na kukumbuka kifurushi kimeingia kwa tundu lipi. Ndivyo ijifunzavyo kila kompyuta iko upande gani. Hata hivyo, viko vifurushi vilivyo matangazo kwa wote, mathalani pale kompyuta inapouliza ni nani mwenye anwani fulani. Tangazo la namna hiyo swichi hulitoa katika matundu yote, isipokuwa lile lililoingilia.

Tuchukue mfano wa shule yenye swichi tatu: A ofisini, B maktabani na C maabarani. A imeungwa na B, B imeungwa na C, na C imeungwa na A. Kompyuta ya ofisini ikitoa tangazo, A hulipeleka kwa B na kwa C. B hulipitisha kwa C, na C hulirudisha kwa A. Nakala ya pili huzunguka kwa upande wa pili. A haina njia ya kutambua kwamba tangazo hilo limekwisha kupita kwake, kwa hiyo hulitoa tena. Vifurushi vya intaneti hubeba hesabu inayopungua kila vinapovuka kituo, na hesabu ikifika sifuri kifurushi hutupwa. Kifurushi cha Ethaneti, ambacho ndicho kinachopitishwa na swichi, hakina hesabu hiyo. Huzunguka bila kikomo.

Kila tangazo jipya huongeza nakala nyingine mbili katika mzunguko. Waya wenye kasi ya biti milioni 100 kwa sekunde waweza kubeba vifurushi vidogo kabisa vipatavyo 148,800 kila sekunde. Waya ukijaa matangazo yale yale, habari za kweli hukosa nafasi, na kila kompyuta hushughulika na kupokea matangazo yasiyo na faida. Hali hii huitwa tufani ya matangazo.

2. Dawa yatoka katika hisabati

Katika hisabati, mti ni mchoro wa nukta na mistari ambamo kila nukta yaweza kufikiwa kutoka nyingine yoyote, na hakuna kitanzi. Mti wenye nukta n huwa na mistari n − 1 tu. Swichi zetu tatu zahitaji waya mbili. Wa tatu ndio uletao kitanzi.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alichapisha kanuni iwezeshayo vyombo vya mtandao kujitafutia mti wa namna hiyo vyenyewe, bila msimamizi wa kati. Mwaka 1990 kanuni hiyo iliingizwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho IEEE 802.1D. Sisi tutaiita Itifaki ya Mti Unganishi. Haikati waya wa ziada: huziba tundu lake tu, na kulizibua njia nyingine inapoharibika.

3. Hatua tatu za mapatano

Kwanza, swichi huchagua mzizi wa mti. Kila swichi ina kitambulisho chenye sehemu mbili: kipaumbele, ambacho kwa kawaida ni 32768, na anwani ambayo chombo hupewa kiwandani. Swichi hupelekeana salamu kila baada ya sekunde 2, na ile yenye kitambulisho kidogo kuliko zote ndiyo huwa mzizi.

Pili, kila swichi nyingine hutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa ya kufika kwenye mzizi. Katika jedwali ambalo bado linatumiwa na swichi nyingi, waya wa biti milioni 10 kwa sekunde una gharama 100. Wa milioni 100 una gharama 19. Na wa milioni 1,000 una gharama 4.

Tatu, matundu yasiyohitajiwa huzibwa. Tuseme A ndiyo mzizi na waya zote zina gharama 19. B hufika kwa A moja kwa moja kwa gharama 19, ilhali kwa kupitia C ingekuwa 38. Hali ya C ni hiyo hiyo. Basi waya wa B na C hauhitajiwi. Kwa kuwa gharama zao ni sawa, mwenye kitambulisho kikubwa, tuseme ni C, huziba tundu la upande wake. Waya wa A na C ukikatika, C hulizibua tundu hilo na kupitia kwa B. Katika kanuni ya awali mabadiliko hayo yaliweza kuchukua sekunde 30 hadi 50. Katika kanuni ya haraka iliyotolewa mwaka 2001, mara nyingi huchukua sekunde chache au chini ya hapo.

4. Mzizi usiachwe uchaguliwe kwa bahati

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Swichi zote zikiwa na kipaumbele 32768, mshindi huamuliwa na anwani ya kiwandani. Mara nyingi chombo cha zamani ndicho chenye anwani ndogo. Kwa hiyo swichi kuukuu ya maabara yaweza kuwa mzizi wa shule nzima. Waya wa A na B ukazibwa, na kila habari itokayo ofisini kwenda maktabani ikalazimika kupitia maabarani. Mtandao hufanya kazi, ila kwa uzito, na chanzo hakionekani kwa macho.

Kwa hiyo fundi na achague mzizi mwenyewe. Katika swichi za Cisco, amri zitolewazo kwenye swichi A ni hizi:

configure terminal
spanning-tree mode rapid-pvst
spanning-tree vlan 1 priority 4096
end
show spanning-tree vlan 1

Amri ya pili huchagua kanuni ya haraka. Ya tatu hupunguza kipaumbele cha A, nacho hupangwa kwa hatua za 4096. Amri ya mwisho huonyesha matokeo. Mwanafunzi asishangae akiona 4097 badala ya 4096: swichi imejumlisha namba ya kundi la mtandao, ambayo hapa ni 1. Yafaa pia B ipewe 8192, ili A ikizimika mrithi ajulikane mapema.

5. Funzo la Boston

Itifaki hii haiondoi haja ya kupanga. Kiwango chake cha awali kilishauri kwamba kati ya pembe mbili za mtandao pasiwe na zaidi ya swichi 7. Mwezi Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya mjini Boston, Marekani, ilikumbwa na hitilafu ya mtandao kwa siku zipatazo nne, na waganga wakarudia maagizo ya karatasi. Ilibainika kwamba mtandao ulikuwa umekua kwa kuungwaungwa hadi kupita kikomo hicho. Mti, hata wa waya, hauna budi kupogolewa na mwenye kuujua.

Maswali

1. Shule ina swichi 6 zilizounganishwa kwa waya 9. Ni waya ngapi zitakazopitisha habari, na ni ngapi zitakazozibwa?

2. Katika mfano wetu A ni mzizi, lakini waya wa A na C ni wa biti milioni 10 kwa sekunde. Ni tundu lipi litakalozibwa?

3. Kwa nini swichi kongwe isiachwe na kipaumbele sawa na cha nyingine?

Majibu: (1) Waya 5 zitapitisha, 4 zitazibwa. (2) Tundu la C liendalo kwa A, kwa kuwa njia ya kupitia B ina gharama 38, ambayo ni ndogo kuliko 100. (3) Tazama sehemu ya 4.