Mafunzo Niliyopata Katika Ushirika Mdogo wa Hulugho

Hulugho iko Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, na wenyeji wake karibu wote ni Wasomali Waislamu. Sisi Wakristo tuliokutana huko kuabudu tulikuwa walimu, wauguzi, polisi na watumishi wengine waliotoka mbali. Nilihudumu kama mzee wa kanisa katika ushirika huo, na nikajifunza haya.

1. Hofu huja ibadani pamoja na watu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mjini Garissa yalivamiwa watu wakiwa ibadani, na wasiopungua 15 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Anayepangiwa kazi huku anazijua habari hizo kabla hajafunga mizigo. Mwalimu anayechagua kiti cha karibu na mlango kila Jumapili, anayeshtuka bati likilia, asiyepata usingizi, hana upungufu wa imani. Kumhubiria kwamba Mkristo wa kweli haogopi ni kumfundisha kuficha maumivu.

2. Sikiliza kabla ya kuomba. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, linahimiza mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Washirika wetu walihitaji mtu wa kuketi nao jioni, bila Biblia kufunguliwa haraka, awaulize wamekula nini na mara ya mwisho walizungumza na watoto wao lini. Wengi walikuwa na familia mbali, mtandao wa simu ukipatikana kwa kubahatisha. Upweke huo peke yake unatosha kumwangusha mtu.

3. Ombi la maombi laweza kuwa umbea. "Tumwombee ndugu yetu, ana shida za kichwa." Kauli hiyo ikitamkwa mbele ya watu ishirini katika mji mdogo, kesho iko shuleni na kituoni, na aliyetajwa hatamwamini mtu tena. Siri ya mgonjwa ni yake. Asiyeweza kuitunza asipewe huduma ya ushauri, hata awe hodari wa maombi kiasi gani.

4. Dawa zisikatizwe. Mvua ikinyesha barabara hufungika, na mgonjwa anayetegemea dawa kutoka Garissa anaweza kuishiwa. Sadaka ilipe nauli mapema. Na asitokee mhubiri wa kupita akamwambia ameshapona, azitupe.

5. Jirani Mwislamu ni sehemu ya tiba. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Kiislamu walijitolea kuweka vijana wa kulinda makanisa. Desemba 2015, katika basi lililovamiwa Mandera, mwalimu Salah Farah na abiria wenzake Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Nawasimulia hayo wageni wanaofika, kwa maana anayemwogopa kila jirani hawezi kupona.

6. Tusiwahukumu waliojaribu kujiua. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliwafanya wahalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Lakini bado yako makanisa yanayokataa kumzika aliyejiua, yakiiacha familia ibebe aibu juu ya msiba. Wachungaji wangu, nawasihi: mzikeni kama mnavyowazika wagonjwa wengine, simameni na mjane na watoto wake, na mwendelee kuwatembelea baada ya matanga kwisha.